Mdogo Wangu Ndani ya Folda ya Majaribio

Kisangani, siku ya kutangaza matokeo ya masomo haifanani na siku nyingine. Sisi tunaiita proclamation. Jina lako likisomwa umepita, na watu wako wanakurukia na makopo ya talki, wanakumwagia poda kichwani, shingoni, mpaka kwenye kope. Unarudi nyumbani kwa miguu mweupe pee, na mtaa mzima unajua bila kuuliza. Asiyepita anarudi na rangi yake ya kila siku. Ndiyo maana mama yangu, ambaye mwaka mzima aliuza lituma, ndizi za kuponda, na samaki wa liboke, wa kufungwa majani, siku hiyo aliuza poda. Aliweka beseni lake nje ya ukumbi wa institut, yaani chuo, chini ya kipaza sauti, akapanga makopo yake, na akawa anawapigia kelele akina mama wenzake wasogee.

Mimi nilifanya kazi ndani ya institut hiyo hiyo, katika chumba cha ordinateur, yaani kompyuta. Jina la institut sitalitaja, haina faida. Ilikuwa wakati wa Chama kimoja, tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, kazini na kuogopana barazani. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika chumba kile, na nilikuwa na hasira za karibu. Bado ninazo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi na hakuna aliyefaulu kunikunjua.

Mdogo wangu alisoma hapo pia. Alikuwa mwaka wa tatu, amebakiza mitihani ya mwisho, wanafunzi walipogoma kwa ajili ya chakula. Wanajeshi walikuja na malori mchana kweupe, wakawapakia vijana kama magunia ya mpunga. Wengi walirudi baada ya muda, wamenyolewa, hawataki kuongea. Yeye hakurudi. Tuliuliza kambini, tukaambiwa hajulikani. Tuliuliza kwa wakubwa wa mji, tukaambiwa alisafiri. Alisafiri! Mtu ambaye hata kumtuma Bengamisa kuchukua mihogo ilikuwa ni kumbembeleza. Miaka ikapita na jibu likabaki hilo hilo.

Mama hakukubali kumlilia. Kwetu mtu akifa tunaweka matanga: ndugu wanakusanyika, wanalala kwenye mikeka uani, wanalia mpaka machozi yaishe, halafu siku ya kufunga wanakula pamoja na kila mmoja anarudi kwenye maisha yake. Bila matanga, mfu hana mahali na walio hai hawana pumziko. Lakini mama alikuwa na neno moja tu, na alilisema mbele ya kila aliyemgusia habari hiyo.

"Nani alimuona? Yule anajua mutoto yangu iko mufu, aje hapa, aseme mbele yangu. Bila ile, mimi sitalia mutu."

Mwaka ule ninaousimulia, kaka yake mama alikuja kutoka Opala kumaliza jambo hilo. Tonton alishuka Lomami kwa mtumbwi wa wafanyabiashara, akapanda mto mkubwa mpaka mjini, na mkononi alikuwa ameshika kamba ya mbuzi. Hakupoteza maneno. Alimfunga mbuzi kwenye mpapai wetu huko mtaani Mangobo, akaketi, akamwambia mama kwamba mtoto hawezi kubaki hewani, kwamba wazee wameongea, kwamba Jumamosi baada ya proclamation matanga yatawekwa, atake asitake.

"Weka," mama akamjibu. "Mimi nitakuwa ninauza lituma."

Nilikuwa katikati yao, na niliwaonea huruma wote wawili. Moyoni nilijua tonton ana haki. Lakini mama naye alikuwa anadai kitu kidogo, neno moja kutoka kwa anayejua, na nchi nzima ilikuwa haina mtu wa kumpa neno hilo. Niliomba kwa Mungu mama apate mtu kabla ya Jumamosi, au moyo wake ulainike bila mtu. Sikuomba lile lililokuja.

Sasa nieleze kazi yangu, maana bila hiyo hutaelewa lililotupata.

Nilikuwa nimeandika programu ya kuhesabu matokeo. Inachukua alama za kila mwanafunzi, inazipima, inatoa hukumu: grande distinction kwa mkali kupita wote, distinction, satisfaction, na mwisho ajourné, yaani rudi mwaka ujao. Programu ya namna hiyo huwezi kuiamini hivi hivi, lazima uijaribu, na kujaribu kwa mkono ni kazi ya kuua mtu. Basi tuliandika programu ya pili, ya majaribio. Hiyo inaingiza wanafunzi wa uongo yenyewe, inawapitisha katika hesabu yote, inalinganisha hukumu iliyotoka na ile tuliyoitegemea, halafu inaandika kwenye kioo: yote sawa, au, hapa kuna kosa. Na juu ya hizo mbili niliweka menyu, programu yangu mwenyewe, inayofunguka mashine ikiwaka tu. Unabonyeza namba, menyu inaamsha programu unayoitaka.

Ugonjwa wetu ulikuwa hapo kwenye kuamsha. Programu ya majaribio haikumuuliza mtu iandike wapi. Ilitazama kile tulichokiita environnement, yaani mazingira: maneno machache ambayo mashine inayashika kichwani tangu inapowaka, kwamba data ziko katika folda fulani, kwamba karatasi zitokee upande fulani. Na programu ikiamshwa na nyingine, inarithi nakala ya maneno hayo kutoka kwa iliyoiamsha. Ukimtuma mtoto sokoni anaenda na kikapu ulichomshikisha. Ukimshikisha kikapu cha harusi, atakurudishia samaki wa moshi ndani ya kikapu cha harusi, na hana kosa.

Asubuhi mashine yetu iliwaka na folda ya kweli, ile ya wanafunzi wenye damu na mama zao. Tukitaka kujaribu, tulitoka kwenye menyu, tukaandika kwa mkono mstari wa kugeuza folda iwe ya majaribio, tukafungua menyu upya, ndipo tukaamsha majaribio. Niliona hatari. Nilimwomba chef, mkuu wa chumba chetu, aniruhusu niirekebishe menyu, ili yenyewe iishikishe programu ya majaribio folda yake kila mara, bila kutegemea kumbukumbu ya mtu mwenye njaa.

"Citoyenne," akasema chef, "proclamation iko mulangoni. Programme inatembea, weye unataka kuigusa? Ikiharibika nani atajibu?"

Chef hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na uoga wakati ule ulikuwa sehemu ya mshahara. Niliufunga mdomo wangu, na nilipofika nje nikaupiga mlango teke.

Tulikuwa wawili kwenye kazi hiyo. Mwenzangu alitoka Maniema, Mwislamu, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni, hata mwezi wa Ramadhani midomo ikiwa imemkauka. Chef alikuwa amekataza tusiweke majina ya wanafunzi walio hai katika majaribio, maana mtu akipita mlangoni akaliona jina lake kwenye kioo, jioni mji mzima utakuwa umesikia kwamba ameanguka. Mwenzangu akaweka samaki. Mboto, Malangwa, Ngolo, wote aliwapa alama za aibu, wote wakatoka ajourné.

"Samaki hana kichwa ya masomo," akasema. "Angekuwa nayo hangeingia ndani ya wavu."

Lakini tulihitaji pia mmoja wa alama za juu, mwenye namba ya mwanafunzi ambayo mashine itaikubali. Nikamwandika mdogo wangu. Namba yake ilikuwa bado halali, hakuna aliyejisumbua kuifuta. Kazi zake na mitihani midogo ya mwaka ule zilikuwa bado kwenye makabati ya walimu, na alama ya mtihani wa mwisho ambao hawakumwacha aufanye niliiweka kwa wastani wake mwenyewe, bila kuongeza hata nukta. Kisha nikabonyeza. Hukumu ilitoka grande distinction. Sikumpa mimi, mashine ilihesabu. Nililia pale pale mbele ya kioo kwa sauti, na mwenzangu akachukua kopo akasema anaenda kutafuta maji, wakati ndoo ilikuwa imejaa.

Toka siku hiyo, kila tulipofanya majaribio, jina lake lilipanda juu na maneno yale pembeni yake. Niseme ukweli, nilifanya majaribio kupita mahitaji ya kazi.

Siku ya kuamkia proclamation tulikuwa na jaribio la mwisho kabla karatasi hazijachapwa. Tuliandika mstari wetu, folda ikageuka, tukafungua menyu. Kidole kilikuwa juu ya namba. Hapo filimbi ikalia uani.

Mkubwa mmoja wa Chama alikuwa anatua kutoka Kinshasa, na wafanyakazi wote walitakiwa barabarani kwa animation, kuimba na kucheza kumpokea. Hakukuwa na "ninamaliza kwanza". Ulicheza, au uliandikwa kwamba hukucheza. Nilifunga pagne ya Chama, kitenge chenye uso wa yule mkubwa wa wakubwa mbele na nyuma, nikajipanga na akina mama wengine, nikatikisa kiuno kwa heshima ya watu waliompakia mdogo wangu kwenye lori. Jua lilitupiga sawasawa. Gari la mkubwa likapita vioo vimefungwa, hata mkono hakutoa.

Tuliporudi, pagne imenigandia mgongoni, menyu ilikuwa pale pale kwenye kioo kama tulivyoiacha. Hatukujua kwamba tulipokuwa tunacheza umeme ulikatika ukarudi. Mashine ilizimika, ikawaka peke yake, ikasoma maneno yake ya asubuhi, ikashika folda ya kweli, ikafungua menyu. Uso ulikuwa ule ule, na kikapu mkononi kilikuwa kingine.

"Dada, tumalize tuende," mwenzangu akasema, akabonyeza.

Kioo kikaandika: yote sawa. Na kweli yote yalikuwa sawa, isipokuwa mahali. Mashine ile ilikuwa nzee, ikizimika husahau tarehe na kurudi mwaka wa zamani, na tarehe ya zamani ilikuwa imeandikwa pale chini ya matokeo ya jaribio, ikituangalia. Lakini wewe niambie, nani anasoma tarehe ya kitu kinachomwambia yote sawa?

Chef akaingia, akatutoa nje. Karatasi za mwisho alizichapa mwenyewe mlango umefungwa kwa ufunguo, akazitia ndani ya bahasha akaipiga lakiri, ili mtu asinunue habari kabla ya saa yake. Huo ulikuwa utaratibu, na siku nyingine yoyote ningeusifu.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa pembeni. Katibu wa jury, jopo la watahini, akavunja lakiri akaanza kusoma. Ajourné kwetu hawasomwi, mtu asiposikia jina lake anaelewa, kwa hiyo samaki wa mwenzangu walibaki kimya ndani ya maji yao. Wanaosomwa kwanza ni wa juu kabisa.

"Mwaka wa tatu. Grande distinction."

Na akasoma jina la mdogo wangu. Lote, na la ukoo.

Kuna waliokuwa wanajua. Wasaidizi wa walimu, makarani, wale waliorudi wamenyolewa. Niliona vichwa vinageuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Aba!" na mwingine akamzima. Katibu naye alisita, akaitazama karatasi, akaitazama tena, halafu akaendelea na jina lililofuata, maana ilikuwa karatasi ya mashine, na tulikuwa tumewafundisha wenyewe kwamba mashine haikosei. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Lake lilikuwapo, na kipaza sauti kilikuwa kimelipeleka nje, pale mama alipokuwa ameketi.

Nilimwona akiingia. Alikuwa ameshika kopo la poda kila mkono, yote mawili wazi, na alikuja katikati ya ukumbi akiwaangalia vijana usoni mmoja mmoja. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka.

"Iko wapi? Mutoto yangu iko wapi? Mumupishe, apite!"

Walimpisha yeye. Wanafunzi walijibana kwenye viti kumpa njia, na yeye akaenda mpaka mbele, akageuka, akaniona.

"Weye! Mudogo yako iko wapi?"

Nikaanza kumwendea. Kabla sijafika akasema, "Bon, iko njiani. Nitamubebea," akajimwagia kopo la kwanza kichwani, na la pili, akatoka. Alitembea mpaka Mangobo mweupe namna hiyo, beseni ameliacha, na nilivyoambiwa wanawake wa njiani walimfuata wakiimba.

Nilitaka kumkimbilia. Chef akanishika mkono akanivuta ofisini, na mwenzangu nyuma yetu. Hatukuwa bado tumeketi, akaingia mtu wa usalama. Abacost ya kijivu, ile suti isiyo na tai, miwani nyeusi ndani ya nyumba. Hakusalimu.

"Nani aliingiza ile jina?"

"Courant, citoyen," chef akasema haraka. "Courant ilikatika tukiwa kwa animation. Machine ilichanganya batu ya majaribio na batu ya kweli."

Yule mtu aliitikia kwa kichwa. Katika mji wetu hakuna aliyewahi kuutetea umeme. Nilidhani imeishia hapo. Lakini alikuwa amekasirika, nafikiri naye alikuwa na mkubwa wake wa kumjibu, na hasira ilimtangulia. Alipiga meza.

"Courant, courant! Mutu alisha kufa kule kambini, sasa munamupatia grande distinction ya nini?"

Kisha akasikia alichosema. Sote tulimsikia.

"Alikufa lini?" nikauliza.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sikusema kitu, citoyenne."

"Umesema."

Chef akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, kwa kunipenda. Yule mtu akatoka bila kuchukua hata karatasi aliyokuja kuichukua. Mdomo ulikuwa umemponza, na hakuwa na hamu ya kuandika alilolisema. Miaka yote hiyo mdogo wangu alikuwa amesafiri, na siku mashine ilipompitisha ndipo wakakumbuka kwamba wamemuua.

Sikuhisi huzuni. Nilihisi hasira, mbichi, ya kutaka kuibeba ile mashine nzima nimrushie mgongoni. Huzuni ilinikuta njiani, karibu na daraja.

Nyumbani uani kulikuwa na sikukuu. Sufuria motoni, majirani wanaimba, mama katikati yao mweupe kope na nyusi. Tonton alikuwa amekaa peke yake karibu na mbuzi.

"Mama yako amekataza matanga," akaniambia bila kuinua macho. "Anasema tuchinje leo, mbuzi iko ya fête. Sema naye weye, mimi nimeshindwa."

Nikamshika mama mkono nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango.

"Ulimuona?" akaniuliza.

"Sikumuona, mama. Ikala." Akaketi kitandani.

Nilimweleza taratibu. Kwamba mimi ndiye niliyemwandika katika mashine, kwa kujaribu, ndani ya sanduku la watu wasiokuwapo, pamoja na samaki. Kwamba umeme ulikatika, na mashine ikawatoa wote mahali pao ikawatia kwenye sanduku la watu wa kweli. Alinisikiliza bila kukatiza. Mama yangu hakusoma, lakini hakuna kitu ulichohitaji kumweleza mara mbili.

"Donc hakuna mutu alisema iko hai."

"Hakuna, mama."

"Ilikuwa courant."

"Ilikuwa courant." Sijawahi kubeba kitu kizito kama maneno yaliyofuata. "Lakini kuko mutu alisema amekufa. Mutu yao, wa usalama. Leo, kwa bureau. Alisema mbele yangu na mbele ya chef. Kule kambini."

Poda ilikuwa inamdondoka kwenye kope, inaanguka mapajani. Nje walikuwa bado wanaimba, na mbuzi alikuwa analia. Nilingoja apige kelele, nilingoja anipige. Badala yake akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Na points? Ulizitia weye?"

"Zilikuwa zake. Nilizitoa kwa kazi zake za ule mwaka."

"Na kuhesabu?"

"Machine ilihesabu yenyewe."

"Haukumusaidia?"

"Hata kidogo."

"Donc alipita."

"Alipita, mama."

Hapo ndipo akalia. Ilikuwa sauti iliyokaa ndani miaka yote ile, na ilipotoka majirani walinyamaza kwa pamoja, na tonton akausukuma mlango akaingia. Alivua kofia yake, akaketi chini kwenye sakafu karibu na dada yake, naye akaanza.

Hatukungoja Jumamosi. Mikeka ilitandikwa jioni hiyo hiyo, mapema, kungali na mwanga, na wale wale waliokuja kuimba wakabaki kulia. Mama alikataa kunawa. Tonton alimwambia kwa upole kwamba poda si ya matanga, watu watasema nini, na yeye akajibu, "Iko yake. Sikupata mutu wa kumumwagia." Tukamwacha. Iliondoka polepole kwa machozi na jasho, na siku ya kufunga, mbuzi alipochinjwa, ilikuwa imebaki kidogo nyuma ya masikio.

Niliporudi kazini sikuomba ruhusa ya mtu. Niliifungua menyu yangu nikaiandika upya sehemu ya kuamsha. Sasa programu ya majaribio ilikuwa hairithi kitu. Menyu iliitengenezea mazingira yake toka mwanzo, folda ya majaribio na maneno machache mengine, basi, na programu yenyewe ikiona imeshikishwa folda nyingine, inakataa kazi na kujizima. Nikaizima mashine kwa makusudi katikati ya jaribio, nikaiwasha, nikabonyeza. Nikarudia. Chef alisimama mlangoni akiniangalia, na sikumsamehe siku hiyo. Baadaye nilimsamehe, nusu.

Mdogo wangu nilimwacha mahali pake. Nilisema moyoni, sasa yuko salama humo, hakuna umeme utakaomtoa.

Asubuhi moja tulikuwa tunamenya makemba, ndizi za lituma, mama na mimi, akaniuliza bila kunitazama.

"Iko bado mule ndani?"

"Nani?"

"Mudogo yako. Kwa machine."

"Iko."

"Na munamufanya nini?"

"Kila tukigusa programu, tunajaribu. Anaingia, anahesabiwa, anapita."

"Kila mara anaanza tena mitihani?"

"Kila mara."

Akaweka kisu chini. "Aba, hapana. Mutoto amesha pita, batu yote walisikia. Mutoe mule, apumuzike."

Nilimtoa siku hiyo hiyo. Nafasi ya alama za juu haikuweza kubaki wazi, jaribio lilihitaji mtu, basi nikampandisha Ngolo, nikampa alama zote za mdogo wangu kama zilivyokuwa, nikabonyeza. Jina la samaki likapanda juu ya kioo, na pembeni yake, grande distinction. Yote sawa. Mwenzangu akaangua kicheko, akaanza kusema kwamba hatimaye ukoo wa Ngolo umepata msomi. Halafu akaniona usoni, akachukua kopo, akaenda kutafuta maji.